Ramani ya Kina Mellersby

Jumatatu, 12 Januari 1998. Manassas, Virginia.

Nimemwogesha Miss saa mbili. Miguu imevimba tena, nimeipaka mafuta. Kala nusu ya uji, nusu kaisukuma. Halafu neno lake la kila siku: "Ramani."

Nimemsogeza na kiti chake mpaka ukutani. Ramani mbili, moja ya Uingereza, moja ya Amerika. Kila pini ni nyumba moja yenye jina lake, Mellersby. Anasema ni jina adimu, halipatikani ovyo. Yeye hakuolewa, hakuzaa. Kaka yake alikufa vitani bila mtoto. Sasa ana miaka themanini na sita, na nusu ya miaka hiyo amekuwa akitafuta watu asiowajua, wanaishi wapi, waliishi wapi. Mwanzoni nilidhani ni kichaa kidogo cha uzee. Leo ni mwezi wa nne namshikia kikopo cha pini. Vidole vyake vinatetemeka, kwa hiyo yeye anaonyesha, mimi nachoma.

Baridi kali. Sijasema neno la Kiswahili kwa mdomo tangu Jumatatu iliyopita, ila kwenye sala.

Jumatano, 14 Januari

Siku ya maktaba. Miss ameniandikia miji ya kutafuta, yote Ohio. Maktaba wana rafu nzima ya vitabu vya simu vya miji mbalimbali. Naenda herufi M, nateremka na kidole. Binti wa maktaba kanizoea, ananiambia, "Leo umempata?" Leo nimempata mmoja. Miss kafurahi mpaka kaomba chai ya pili.

Jioni kanisimulia tena. Jina lilianzia bonde moja kaskazini ya Uingereza. Zamani makaburi ya kanisa la pale yalijaa Mellersby watupu. Halafu viwanda vya nguo vikawavuta mjini, bonde likabaki na kondoo. Ndugu mmoja alivuka bahari akaja Virginia kupima mashamba, akapata shamba lake mwenyewe. Ndiye babu wa Miss. Watoto wake wakatawanyika: Ohio, Missouri, Oregon. Ukiangalia pini unaona kama mtu aliyemwaga mchele akitembea.

Kwenye Biblia nilikuwa naruka zile kurasa za fulani akamzaa fulani. Hata mchungaji wetu kule Same alikuwa anaziruka. Sitaruka tena.

Jumanne, 20 Januari

Daktari kaja. Kaniita jikoni. Moyo umechoka, hauna dawa. Miezi, labda wiki.

Miss alijua. Aliniambia kavu, kama anaagiza maziwa: "Nataka mtu mmoja mwenye jina hili asimame kaburini kwangu. Mmoja tu." Tumeandika barua kumi na nne kwa wenye pini. Mimi ndiye niliyelamba stempu zote, ulimi bado una gundi.

Jumatano, 28 Januari

Majibu manne. Mmoja kaandika vizuri, ila ni mgonjwa naye. Wawili wanauliza kama kuna mirathi. Wa nne anasema asiandikiwe tena.

Miss hakulia. Kaomba nizime taa mapema. Mimi nimelia, jikoni, bomba nikiwa nimelifungua asisikie. Mtu kutafuta ndugu miaka yote hiyo akajibiwa hivyo! Kwetu Upareni ukitaja ukoo, hata kama huyo mtu hajakuona maisha yake yote, atabandika chungu kwanza, maswali baadaye.

Jumamosi, 31 Januari. Langley Park.

Siku zangu za kupumzika. Treni ya jana asubuhi, metro, basi. Mama Bahati kanipikia fufu na sombe, ndiyo ugali wao wa muhogo na kisamvu. Ni Mkongo wa Bukavu, chumba hiki tunakikodi pamoja, na simu ni kwa jina lake. Mimi simo kwenye kitabu chochote Amerika nzima.

Hilo ndilo lililonifanya nichukue kitabu cha simu cha hapa nyumbani. Kimekuwa kikishikilia mlango usijifunge tangu nihamie! Nikafungua M kwa mazoea tu.

Mellersby. Mellersby. Mellersby. Tisa! Wote Landover na jirani zake. Miss hajawahi kuniandikia Landover. Nimepiga magoti palepale sakafuni. Bwana, umejibu, na umejibu karibu.

Sikungoja. Kwetu mgonjwa haombwi ruhusa ya kutembelewa. Nikapiga ya kwanza. Akapokea mzee, sauti nzito. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasa la saba: ndugu yenu Miss Mellersby wa Manassas ni mahututi, njooni mumwone.

  Akauliza, huyo ni mwanamke mzungu? Nikasema ndiyo. Akasema, mama, sisi ni watu weusi. Nikamjibu jina ni jina. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akauliza natoka wapi. Nilipomwambia akageuza lugha, polepole, kama mtu anayesoma barua:

"Hujambo, mama? Mimi ninaitwa Walter Mellersby. Nilijifunza Kiswahili zamani, katika chumba cha chini cha kanisa letu. Mimi ni shemasi. Tafadhali nipe namba yako ya huko Manassas. Nitasali kwanza."

Nimempa. Nimefurahi si mchezo.

Jumatatu, 2 Februari. Manassas.

Nimefika na treni ya jioni, hata koti sijavua nikamwekea Miss karatasi mapajani. Majina tisa, nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Kayasoma yote. Akakunja karatasi mara mbili.

"Hao nawajua," akasema. "Hao hawachomwi pini."

Jumanne, 3 Februari

Hanisemeshi. Ramani hakuomba.

Jumamosi, 14 Februari. Langley Park.

Nimemweleza Mama Bahati yote. Kaacha kusonga, kanitazama na mwiko mkononi.

"Weye mama, haujue histoire ya hii inchi? Bale batu beusi, jina ya kizungu balitosha wapi? Njo jina ya ule mwenye alikuwa anabauzisha! Na weye unabaita, mukuye kuona ndugu yenu! Eh, Mungu wangu." Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaona uso wangu akaacha.

Utumwa naujua, tulisoma shuleni. Ila hili la watumwa kubaki na jina la bwana wao halikunijia kichwani. Kwetu jina ni damu. Nilimpigia simu mzee wa watu, nikamwita aje kumlilia mjukuu wa bwana wa babu zake. Na aibu yangu nyingine ni hii: Miss alijua. Wakati wote huo akihesabu Oregon, nyumba tisa ziko mwendo wa saa moja.

Mama Bahati naye kaniambia habari yake. Mwanawe kamwita Montréal. Anahama mwezi wa tatu. Nikamwambia hongera. Nimesema kwa moyo, lakini kwa nusu ya moyo.

Alhamisi, 19 Februari. Manassas.

Shemasi kapiga. Anakuja Jumamosi. Nilitaka kumwomba radhi, akaniwahi. Akasema ana swali moja tu. Wazee wao walikuwa wakisema bibi yao mkubwa aliitwa Easter, kama Pasaka, na jina lake limeandikwa kwenye Biblia ya nyumba hiyo. Je, ni kweli?

Biblia ile naifuta vumbi kila wiki. Mbele wameandikwa Mellersby waliozaliwa na waliokufa. Nyuma sijawahi kufungua. Leo, Miss akiwa amelala, nimefungua. Ukurasa mmoja, wino wa kahawia. Majina ya kwanza tu, hakuna la ukoo. Sukey. Tom Mkubwa. Easter. Mtoto wa Easter. Mwaka, na bei.

Nimefunga. Nimeirudisha mahali pake.

Miss sijamwambia kuhusu Jumamosi. Naogopa. Akinifukuza nitakuwa nimepata haki yangu.

Jumamosi, 21 Februari

Kaja saa nne, suti ya Jumapili, kofia mkononi, mzee wa miaka sabini hivi. Nimemkalisha jikoni. Nikamwomba msamaha kwa Kiswahili, hicho ndicho chenye maneno yangu. Akasema, "Usihofu, dada. Wewe uliona jina. Wengine hawajawahi kuliona." Nikampa chai ya maziwa na tangawizi. Akanitania kwamba mwalimu wao hakuwafundisha kitu kitamu hivi, aliwafundisha kuhesabu mbuzi tu.

Kicheko chake kinajaza nyumba. Kengele ya Miss ikalia.

"Nani yuko nyumbani kwangu?"

Nikasema, "Mellersby."

 Mimi nilitazama kikopo cha pini. Mwisho akasema nimsimamishie mito mgongoni, nimfunge kitambaa cha shingo. Kisha aingie.

Shemasi hakukaa. Alisimama mlangoni.  Halafu yeye akaanza: kila ofisi niliyoingia maisha yangu yote wananiambia rudia, jina gani hilo? Na Miss, jamani, kacheka! Kidogo, kupitia puani. Akasema, na mimi hivyohivyo, tangu shule.

Shemasi akaomba kuona ukurasa wa nyuma wa Biblia, ule niliomwambia jikoni. Hakuficha kwamba anamtafuta Easter. Uso wa Miss ukafunga kama mlango. "Kitabu hakitoki chumbani humu."

"Sikuomba kitoke," Shemasi akasema. Akamshukuru kwa kumpokea. Akavaa kofia nje, siyo ndani. Sijui kwa nini hilo limeniuma.

Jumapili, 22 Februari

Miss hakulala. Alfajiri kaita. "Leta Biblia. Na kalamu."

Kanifungulia ukurasa wa nyuma yeye mwenyewe. Kajua pa kufungua bila kutafuta. Akasoma jina moja moja, mimi nikaandika. Kwenye bei akanyamaza. Nikauliza niandike? Akasema andika yote. Ikachukua saa nzima kwa sababu ya pumzi. Alipofika kwa Easter akarudia mara mbili, kana kwamba sikusikia.

"Mpelekee."

Nikathubutu kuuliza kuhusu pini za wale tisa. Akageukia ukuta. "Nimechoka."

Karatasi nimeiweka kwenye bahasha nzuri, nimeitia mwenyewe kwenye sanduku la barua la mtaani.

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Siwezi kumwacha kwenda kanisani. Nimesali jikoni. Miss haamki sawasawa.

Jumapili, 1 Machi

Amekwenda saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilimwimbia kwa Kipare, hakuna aliyetukataza. Nimemwogesha kwa mara ya mwisho kabla hawajaja kumchukua. Miguu ilikuwa imenywea, mizuri.

Ijumaa, 6 Machi

Maziko. Kanisa lake lina mabenchi mengi, watu tulikuwa kumi na mmoja. Wakili, jirani wawili, wazee wa kanisa. Mimi nilikaa benchi la tatu, mahali pa mfanyakazi. Nyuma kabisa kaketi Shemasi na dada yake na wasichana wawili wa dada. Nilimpigia simu kumpa habari tu. Sikumwita. Safari hii nilijua.

Benchi la mbele huachwa kwa wafiwa. Lilikuwa tupu, na utepe mweupe. Mchungaji akasema ndugu wa marehemu wasogee mbele. Hakuna aliyesogea. Akangoja.  Nilitamani kusimama mimi, lakini mimi ni nani?

Viatu nyuma. Polepole. Shemasi akapita pembeni yangu na koti mkononi, akatoa utepe, akaukunja, akakaa. Peke yake. Dada yake hakumfuata, alitazama dirisha. Mchungaji akaendelea.

Kaburini alisimama mpaka mwisho. Nikamwambia Mungu akulipe, umemtimizia. Akanijibu kwa ile sauti yake ya kusoma:

"Sikuja kwa ajili yake, dada. Easter naye alizikwa na watu wa nyumba hii, na wa kwake hawakupewa benchi. Mimi nimeketi kwa ajili ya Easter."

Halafu baadaye, akifungua mlango wa gari: "Na kidogo, kidogo sana, kwa ajili yake."

Jumatatu, 9 Machi

Nimekabidhi funguo. Biblia imeachwa kwa maktaba, ndivyo wosia unavyosema. Ramani wakili kaniambia ni takataka, nikitaka nichukue. Nimeichukua ya Amerika. Na kikopo.

Jumamosi, 28 Machi. Langley Park.

Mama Bahati kaondoka leo. Kaniachia sufuria la fufu na mwiko wake. Simu tumeiandikisha kwa jina langu. Mashine ya kampuni ikaniuliza jina mara tatu. Rudia, rudia.

Jumamosi, 17 Oktoba 1998

Sijaandika siku nyingi. Nina kazi Silver Spring, mzee mmoja, hasemi kabisa. Namsemesha Kiswahili, hajali.

Kitabu kipya cha simu kimeachwa mlangoni, kimelowa kidogo na mvua. Nimekikausha juu ya hita. Nikaenda M. Mellersby wa Landover sasa ni kumi. Nadhani wa kumi ni mmoja wa wale wasichana, kapata nyumba yake.

Ramani iko juu ya kitanda. Nimepanda na viatu vya ndani nikachoma kumi, pale karibu na uwanja mpya wa mpira. Ni padogo, zimebanana mpaka zinaegemeana. Pini zimebaki sita kikoponi. Miss, nisamehe, au nishukuru, kama huko mlipo mnaonana na Easter.

Kisha nikateremka zaidi na kidole. Mgonja N. Mmoja. Juu yake jina la watu wengine, chini yake jina la watu wengine.

Nimeinua simu nikapiga namba iliyoandikwa pale mbele ya jina langu, nione kama hawakukosea. Ikatoa mlio wa simu inayotumika, maana naitumia mimi mwenyewe. Basi ni yenyewe.

Nimefunga kitabu. Nimebandika maji ya ugali, ya mtu mmoja.