Tairi Pana, Si Nene

Mtani wangu Kosmas,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kuwaomba wote wenye kofia wazivue, natangaza kwamba tairi mbili za nyuma zimepatikana. Ni pana. Si nene. Nimeanza na hilo usije ukageuka huko ulipo ukabomoa kaburi. Tulilichimba kwa taabu, Kinole yenu ni mawe matupu.

Siku ya maziko nilifanya kazi yangu ya mtani. Nilishuka kaburini kabla yako, nikajilaza, nikawaambia ndugu zako sitoki mpaka nipewe changu. Padri akajifanya anatafuta ukurasa. Mnyamwezi akilala kwenye kaburi la Mluguru hupewa kuku, akainuka, mambo yakaendelea. Mimi nilidai gari, lile la mbio tulilokuwa tunaliunda wewe na mimi. Waliokuwa wanalia wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimejifunika uso kwa kofia kwa sababu zangu. Mara kitu kikanidondokea kifuani. Shemeji Perpetua, mkeo, alikuwa amenirushia ufunguo. Yeye hakuwa anacheka.

Mjomba wako, ambaye kwenu ndiye mwenye kauli ya mwisho, alisubiri nitoke shimoni ndipo akasema: "Utani ni utani, chuma ni chuma." Kijiji kina mashine ya kusaga isiyo na injini, na akina mama wanateremka na mahindi kichwani. Akaweka sharti: kabla ya arobaini, gari lipande kutoka mjini mpaka mlangoni kwake bila kusukumwa. Likishindwa, injini inakwenda kusaga unga. Ilikuwa hoja nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi.

Unakijua kilichotushinda: ule mwinuko wa kokoto wa kupandia Kinole. Viti vya nyuma tuling'oa, kabureta tulifunga mbili, injini ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakahama. Lakini tairi zetu, nyembamba kama za baiskeli, zilizunguka palepale zikirusha mawe. "Nguvu tunayo," ulisema, "viatu ndiyo hatuna."

Basi nikaanza kutafuta viatu. Kwa Mzee Hirji, pale dukani, tairi mpya inataka kibali, kibali kinataka sababu, na kupanda mlima kwa kasi hakumo katika sababu za ujenzi wa taifa. Nikaenda Mlali, nikaomba tairi nene za bei nafuu. Wakanipa mbili za landrova. Nikazibeba begani kutoka stendi mpaka gereji, nikazisimamisha kando ya gari. Zikafika dirishani! Hata kabla ya kufungua nati moja nilijua injini yetu itakata pumzi kwenye mtaa wa pili. Nikakusikia kabisa: "Mnyamwezi, kazi yako kubeba, kuchagua tuachie sisi. Nene inakwenda juu. Pana inakwenda pembeni." Uliniambia hivyo mara ngapi? Na bado nikaomba nene.

Baada ya hapo nikakata tamaa kidogo, na katambuga yangu nayo ikakatika mkanda. Nikaipeleka sokoni kwa Mzee Salumu, anayeshona viatu vya tairi. Nikamkuta amekalia tairi tatu, mtani, pana kama kitanda, kashata zake, yale meno ya kuuma barabara, bado zimesimama. Zilitoka kwenye gari la mhandisi mmoja mgeni aliyerudi kwao. Kumbe fundi viatu huchagua tairi vizuri kuliko sisi: iliyo pana hutoa nyayo mbili ubavu kwa ubavu, hakuna kinachotupwa. Ya tatu ilikuwa imeshatolewa mguu wa kushoto. Kisu alikuwa nacho mkononi.

"Shikamoo, mzee. Usikate!"

"Marahaba. Unataka za kuvaa au za kuendesha?"

Nikamwambia nataka kupanda nazo Kinole.

"Nusu ya Kinole imeshapanda na tairi zangu," akasema, "na haijapata pancha hata siku moja."

Nikampa zile za landrova tukabadilishana. Alizigonga kwa kidole akafurahi: nene hivi, soli haiishi mpaka mwenye mguu aishe. Mimi nikapima zangu kwa kamba kama ulivyonifundisha, nikapeleka rimu kuchomelewa vipande zipanuke, nikakata madigadi kwa msumeno. Za mbele nimeziacha zilezile. Wewe si ulisema mbele ni kuangalia njia tu?

Tulipanda Ijumaa, arobaini ikiwa kesho yake. Shemeji alikaa kando yangu, amekumbatia kikapu. Kwenye kokoto nyuma ikateleza mara moja, nikasikia moyo unapanda peke yake, halafu tairi zikauma. Zikauma, Kosmas! Tukatokea juu vumbi lote limebaki nyuma. Tulipofika kwenye migomba Shemeji akasema, "Miaka miwili ananiambia imebaki tairi tu. Nilidhani ananidanganya."

Mjomba alizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akasema, "Lako." Nimemwambia nitamtafutia injini ya mashine, na ninamaanisha.

Kisha nikapita kwako. Nilikuwa nimeandaa utani mzuri njia nzima, kuhusu Waluguru na... Basi. Sikuusema. Nilizima injini, nikavua kofia.

Lala salama, mtani. Wale jamaa wa gereji ya stesheni, wapinzani wetu wa mbio, bado wanasema gari letu ni banda la kuku. Nakuahidi nitawangoja Mikese, nitawapita wote kabla ya kuingia mjini, na nikimpita wa mwisho nitalitaja jina lako dirishani kwa sauti, pamoja na matusi yote ya utani yanayokustahili. Gari liko tayari, nimelifuta vumbi.

Mjini hakuna petroli tangu Jumatatu.