Sauti ya Mume Wangu, Bure kwa Wote

Jumatatu, 3 Machi
Leo tena mume wangu kala mbele ya kompyuta. Nimemuuliza, chumvi imekolea? "Mm." Printa za ofisini zimekusumbua? "Mm." Nikamwambia nyumba inaungua. "Mm." Jamani!

Na huyu ndiye mwanamume ambaye sauti yake inasikika kila mahali! Ile programu yake ya kuwasomea wasioona maandishi ya kwenye simu na kompyuta inasema kwa sauti yake mwenyewe. Alijirekodi mwaka tuliooana. Kajifungia kabatini katikati ya magauni yangu ili kusiwe na mwangwi, mimi nje nawafukuza watoto wa jirani wasipige kelele. Alirekodi vipande vipande, na programu inaviunga, kama mimi ninavyounga vitambaa, mpaka inasoma neno lolote lile. Kisha akaiachia. Programu huria – anayetaka achukue, atumie, airekebishe, halipi kitu. Mchana anatengeneza printa za watu, jioni anajibu malalamiko ya watu asiowajua. Mimi nabaki na cherehani.

Natamani kuongeleshwa. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Dada kaja. Kamkuta shemeji yake kainamia kompyuta, hata hajui kama mgeni kaingia. Kanivuta jikoni. Mdogo wangu, kitu kizuri gani kinatolewa bure? Ama hakina maana, ama hela zinaliwa huko bila wewe kujua. Au kuna mwanamke!

Nimecheka mpaka machozi. Mwanamke angekuwa nafuu, ningemwendea nikamfanyia vurugu. Programu utaifanyia vurugu gani?

Alipoondoka hasira zikanipanda. Lakini nimepata wazo. Ikipatikana hela ya kuitunza hiyo programu, ataacha printa, ataishughulikia mchana, na jioni itakuwa yangu. Yeye hawezi kuomba, ana haya. Nitaomba mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Mteja mpya – Mwenyekiti wa chama cha wasioona, kaja kupimwa gauni. Niko kiunoni na futi yangu, mume wangu kapita, kasema, "Karibu." Mama wa watu karuka, nusura nimchome pini! "Ndiye! Huyu ndiye ananisomea kila kitu asubuhi!" Kamshika mkono, hataki kuuachia. Huyu bwana hajui aangalie wapi.

Alipotoka, Mwenyekiti kaniambia: shoga, mumeo ana maneno! Mimi humwongeza kasi kwenye simu, maana akianza kusoma hanyamazi. Nikamwambia wangu ukimwongeza kasi utapata "mm" fupi zaidi. Tumecheka sana. Ila roho imeniuma. Yeye anaamshwa na sauti ile. Mimi naamshwa na mlango ukifungwa.

Nikamweleza habari ya hela. Kashangaa. Wao wote chamani walidhani kuna kampuni kubwa huko, ina jengo na mlinzi getini, na serikali inalipa. Kumbe ni mtu mmoja na kiti chake? Ndiyo, na kiti chenyewe kibovu! Kasema tutakwenda pamoja kwa wafadhili.

Jumatano, 19 Machi
Tumekwenda. Nilivaa viatu vya kuendea harusi. Ofisa mpole, katuletea chai. Programu ipo tayari? Ipo. Inafanya kazi? Vizuri mno, kajibu Mwenyekiti kwa fahari. Basi tumejimaliza wenyewe! Wao wanafadhili vitu vipya. Kinachofanya kazi kimeshafanikiwa, kasema. Nikamuuliza, na anayekifanya kifanye kazi je? Kasema swali zuri. Kaliandika. Katushukuru kwa kuja.

Nilipomsimulia mume wangu, kacheka! Kile kicheko cha zamani, kichwa nyuma. Kwamba tungesema imeharibika, tungepewa. Nimeshona vifungo upande usio wake kwa furaha, ikabidi nifumue.

Jumanne, 25 Machi
Kampuni moja ya programu imempigia simu. Inaitaka sauti yake, na yeye mwenyewe pia. Mshahara wa maana. Ataacha printa. Saa za ofisi tu, jioni hawamdai kitu. Ila programu yao itauzwa, na ile ya bure asiiguse tena. Simu zinabadilika kila kukicha. Bila mtu wa kuirekebisha itaanza kukwama, taratibu, mpaka ife.

Kaja mpaka kwenye cherehani. Kakaa. Kaniangalia usoni. Mke wangu, wewe unasemaje? Ukisema nikubali, nakubali. Ukikataa, nawaambia hapana. Wanataka jibu Jumamosi.

Siku zote hizo naomba aniulize kitu. Ndicho hiki!

Nilitaka kusema kubali. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Ndipo nikamkumbuka yule mama alivyoushika mkono wake. Nikajibu, "Mm." Nikajisikia mwenyewe nilivyosema.

Alhamisi, 27 Machi
Mwenyekiti kachukua gauni. Limemkaa. Kauliza mbona nimepooza. Nikasingizia mafua.

Ijumaa, 28 Machi
Jioni, bado kuna mwanga. Yeye chumbani, mimi ukumbini. Nimeiweka ile programu kwenye simu yangu. Miaka yote hii sijawahi! Haikuchukua muda, na hakuna aliyeniuliza mimi nani. Unaandika, yenyewe inasoma. Nikaandika "habari". Ikasema habari. Ni yeye! Yule wa kabatini, kabla hajachoka.

Nikaandika: Mke wangu, umeshindaje leo? Nimekukumbuka.

Ikasema. Nikairudisha. Nikairudisha tena, kiganja mdomoni, machozi yananitoka kama mtoto. Hivi kweli nikisema kubali, ni nani atakayerudi kwangu? Na nikisema hapana, nitaendelea kuishi hivi hivi mpaka lini? Namtaka, jamani. Namtaka yeye na maneno yake.

Mlango umelia. Yuko hapa, kasimama kizingitini. Sijui kasikia mara ngapi. Nimeshika kalamu haraka, najifanya naandika vipimo vya mteja.

Kasema kwa sauti ya chini, hayo maneno mimi sikuyarekodi.

Nimemwambia najua.

Hajaondoka. Kesho ndiyo Jumamosi, siku ya jibu. Naandika tu, sijainua kichwa.