Dawa Niliichanganya Mimi, Lawama Akabeba Namelok

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kidogo, kwa sababu nina miaka themanini na mmoja, moyo umechoka, miguu imevimba, na mwezi uliopita daktari aliacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, akaniambia tu nikapumzike nyumbani, na mimi nimefundisha muda mrefu wa kutosha kujua maana ya mwalimu kuacha kumsahihisha mwanafunzi.

Nilikuwa mwalimu wa mifugo. Nilipostaafu nilianzisha, kwenye shamba langu juu kidogo ya Tengeru, makao ya wanyama waliotupwa, mbwa waliogongwa barabarani, paka wa sokoni, punda wenye vidonda vya mikokoteni. Hatukuwa na mwajiriwa hata mmoja. Kazi yote ilifanywa na watu wa kujitolea, na kuna wakati walifika ishirini na watatu, wanafunzi wa vyuo, akina mama wa usharika wetu, fundi pikipiki mmoja kutoka Sakina, na karibu wote hao nimewafukuza mimi bila kumwambia hata mmoja aondoke.

Sikuandika zamu. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi walisimama getini, wakaniamkia, nami nikagawa kazi kwa mdomo, huyu mabanda, huyu maji, na aliyechelewa nikamrudisha hata kama ametoka Sombetini. Mgeni alisugua mabanda miezi mitatu kabla ya kugusa mnyama. Ufunguo wa stoo ya dawa niliufunga kwa kamba ya kiatu nikauvaa shingoni, na hadi leo ninao. Na sikumwambia mtu asante, kwa kuwa niliamini ukimshukuru anayejitolea unampunguzia thawabu yake mbinguni. Hans, katibu wetu, aliwahi kuniambia, "Mwalimu, watu hawawakimbii mbwa, wanakukimbia wewe." Nikamjibu kwamba wanaokimbia hawakuwa watu wa kazi.

Sasa nifike kwenye lile linalonitesa. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na binti anaitwa Namelok, wa familia ya wafugaji kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, ana stashahada ya mifugo na alikuwa akisubiri ajira. Mbwa waliowahi kupigwa, ambao hawakumkaribia mtu, walimfuata wenyewe. Jumamosi moja tulikuwa tunaogesha mbwa kwa dawa ya kupe. Dawa nilichanganya mimi siku zote, kwa kipimo changu, vizibo viwili vya soda kwa ndoo moja, miaka kumi na miwili bila kukosea. Siku hiyo chupa ilikuwa mpya, ya aina nyingine, na macho yangu yalikuwa yameanza kuingia ukungu, jambo ambalo niliwaficha wote. Namelok alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikusomee kibandiko?"

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa naogesha ng'ombe kabla mama yako hajazaliwa. Kashike mbwa."

Akaenda akashika mbwa, akawaogesha kwa mikono yake. Ilipofika saa sita walikuwa wanatokwa udenda na kutetemeka, na hadi saa kumi walikuwa wamekufa watano, akiwemo Kizito, mbwa wa miguu mitatu aliyekuwa akilala mlangoni kwangu. Niliazima miwani ya Violet, muuguzi anayetusaidia, nikasoma kibandiko, nikaona dawa ile ilitaka kiasi cha nusu ya kizibo tu kwa ndoo. Violet akauliza mbele ya watu wote nani kachanganya. Namelok akanitazama, nami nikasema, "Nilimwachia Namelok. Nilimwamini."

Waliosikia hawakushangaa, waliona mzee amechoka, kamwachia mwenye cheti. Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuonyesha nani alipangiwa nini, neno langu ndilo likawa karatasi. Namelok alivua buti za makao, akaziosha, akazirudisha mahali pake, akasema, "Baki salama, Mwalimu."

Alipoomba kazi ofisi moja ya mifugo, walinipigia kuuliza habari zake, nikasema sina la kusema. Hakuipata. Sasa anauza vitunguu sokoni Tengeru, na Violet anasema wauzaji wenzake humtania, "Daktari, leo umeogesha wangapi?" naye hucheka nao huku akipanga vitunguu.

Baada yake wengine waliacha kuja, kila mmoja akiogopa zamu yake ya kulaumiwa. Wamebaki wawili tu, Hans na Violet, kwa mbwa thelathini na wanane na punda sita. Kutoka kitandani nasikia mbwa wakilia saa ya chakula ikiwa imepita. Hans amesema wasipopatikana watu, mwezi ujao ataitwa daktari wa mifugo awachome sindano ya mwisho wale wagonjwa na wazee. Nikisema ukweli nahofia hata hawa wawili wataondoka. Nikinyamaza nitazikwa kwa nyimbo nzuri, mchungaji atanisifu, na Namelok ataendelea kuitwa daktari pale sokoni. Nifanye nini na siku zilizobaki?

Mwalimu mstaafu, Tengeru


Mshauri Agnela anajibu

Shikamoo Mwalimu. Nakuamkia kwanza, kwa sababu yanayofuata si maneno ya kumwambia mtu wa umri wako. Pole kwa maradhi, na pole kwa Kizito.

Kuchanganya dawa vibaya ni makosa ya macho, na hayo ningekusamehe hata mimi. Ulichofanya saa kumi ile, na tena ulipopigiwa simu, hakikuwa cha macho. Usivichanganye hivyo viwili unapoungama.

Unasema makao yatakufa ukisema ukweli. Yanakufa sasa, na umenyamaza miaka miwili. Watu hawakuondoka kwa sababu mbwa walikufa. Waliondoka kwa sababu waliona kwako mtu anaweza kufanya kazi bure, bila asante, kisha akaachwa abebe lawama peke yake.

Fanya hivi. Mtume Violet kwa Namelok wiki hii, amwombe ruhusa ya kumtaja, maana jina litakalotajwa ni lake, na amwulize kama atakubali kukuona. Asipotaka kukuona, usimsumbue, lakini ukweli useme hata hivyo. Hans awapigie wote anaowakumbuka, wakutane Jumamosi saa mbili, getini palepale. Ukashindwa kutembea, ubebwe na kiti. Sema, "Dawa niliichanganya mimi, nikamsingizia Namelok." Ukijisikia unaanza kueleza habari za ukungu wa macho, funga mdomo. Kisha ile ofisi ya mifugo iandikiwe barua, Hans aandike, wewe utie sahihi.

Ufunguo uvue mbele yao. Ukabidhi, na nakala ichongwe, wawe nao watu wawili. Zamu ziandikwe ukutani kwa majina, na dawa isimiminwe mpaka mtu wa pili asome kibandiko kwa sauti, hata kama anayechanganya ana mvi. Mgeni aguse mnyama siku ya kwanza. Na Namelok usimwombe arudi. Utakuwa unaungama ili upate mfanyakazi.

Siwezi kukuahidi kwamba mbwa wote watanusurika na sindano, wala kwamba atakusamehe. Huenda watakuja watu watano, wasikilize, waondoke. Sema hivyo hivyo.

Jambo la mwisho. Katika barua yako unaogopa kama mtu mwenye siri. Namelok alisimama karibu na ndoo, alitaka kukusomea kibandiko, alikutazama ulipomsingizia, na hakumwambia mtu. Siri hiyo si yako peke yako. Ameitunza yeye, akicheka na wauza vitunguu, ili wewe uendelee kuitwa Mwalimu. Umeandika kwamba wamebaki wawili wanaokufanyia kazi bila malipo. Umehesabu vibaya, wapo watatu. Huyo wa tatu mwambie asante, halafu mwache apumzike.