Benchi la Mninga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Goweko hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepoa, na nyuki wamerudi mizingani.

Unaniuliza kama hela iliyobaki baada ya harusi mnunulie makochi. Tulipouza tumbaku yetu ya kwanza, jirani alinunua makochi mekundu, laini. Niliyatamani mpaka nikamnunia babu yako, maana yeye alimwita fundi atuchongee benchi la mninga, hela nyingine akanunua mbuzi.

Msimu uliofuata tumbaku ikajaa sebuleni, kwao na kwetu. Jirani akayatoa makochi nje, uani, akayafunika turubai asiyakalie mtu. Sisi tulikaa bega kwa bega kwenye benchi letu tukichambua majani, babu yako akinichekesha, na mimi nikasahau kununa. Mama yako alijifunzia kusimama hapohapo.

Nyumba ni yenu, amueni wenyewe. Ila babu yako amelipiga msasa benchi lile, kesho linapanda treni kuja kwenu. Pembe moja kakataa kuigusa. Ipapase, utakuta alama za meno ya mama yako.

Ni mimi bibi yako, ninayekukumbuka kila nikikaa.