Ufunguo Kwenye Pindo la Leso

Mjukuu wangu Kahindi,

Barua yako imetukuta wazima hapa Malindi. Nyanyako anakusalimu sana, ila goti bado lamsumbua.

Unasema korti ya huko Amerika imekutilia kidude ndani ya gari, usipokipuliza gari haliwaki, na ukiwa umekunywa haliwaki vilevile. Wauliza utaivumilia vipi aibu hiyo mbele ya wenzako.

Mimi pia nilikuwa na changu, miaka ya themanini. Nilikuwa nikibeba nazi kwa pikapu kutoka Kaloleni. Siku moja, nimelewa mnazi, nikamgonga mtu wa baiskeli pale Matsangoni. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini kosa lilikuwa langu. Korti ikanipiga faini na kuninyang'anya leseni mwaka mzima. Niliporudishiwa, tajiri wangu, mwenye pikapu, akamkabidhi nyanyako ufunguo. "Mama, ukisikia harufu, gari lisitoke. Likitoka, kazi hana."

Basi kila asubuhi akiufungua kwenye pindo la leso. "Haya, pumua." Majirani nao: "Dereva, umepasi leo?" Nilichukia, wacha tu. Kuna siku alininyima, nikashinda ndani.

Asubuhi moja alikuwa na wageni, akanirushia ufunguo hivi hivi. Nikasimama.

"Mbona huendi?"

"Hujaninusa."

Wageni wakaangua kicheko. Akaja, akaninusa, akacheka pia. "Nenda, baba Safari."

Njia nzima niliitafuta ile aibu, sikuiona. Wewe puliza tu, mwanangu.

Ni mimi babuyo,
Katana