Manyeto Iliyobaki Ndani ya Lango

Baba,

Kila nilipokuja kutoka kazini redioni, Lubumbashi, ulikuwa unanidai habari kabla sijaketi, na maelezo ukiyaacha mpaka chai ichemke. Basi habari ni hii: Mama ametoka matangani. Amevua nguo nyeusi mbele ya ndugu zako wote na hakuna aliyebaki na neno juu yake. Na pikipiki yako inawaka.

Habari hizo mbili ni moja. Wewe huwezi kujua kwa nini, maana yote yalitokea baada ya kukuzika.

Unakumbuka ulivyoiacha. Ilikuwa imefunguliwa yote, imelala kwenye magunia chini ya kibanda nyuma ya nyumba, kabureta ndani ya kopo la maziwa, boliti zimelowa mafuta ya taa. Tangu Mbelgiji yule wa karakana alipokuachia na kupanda treni, hapakuwa na msimu wa baridi ambao hukuahidi kwamba mwaka huo itatembea. Ilitembea mara chache, ukamkalisha Mama nyuma mpaka kanisani, kisha ikarudi kwenye magunia.

Kilio kilipokuwa kinakwisha, Baba Mdogo Kalenga alisimama uani akaitazama. Aliogopa ugomvi; hilo namwamini. Alisema: "Hii kintu, muntu mumoja akiichukula, ataiuzisha kesho. Kila nyumba ikamate kipande yake, na hapana muntu ataiuzisha." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Na hivyo ndugu zako wakagawana pikipiki kama watu wanavyogawana mnyama aliyeletwa na wawindaji. Tangi likaenda Kakanda kwa Shangazi Mujinga. Magurudumu yakaenda Kamatanda, kiti Kakontwe, kila kimoja kwa binamu. Baba Mdogo akajichagulia taa ya mbele. Mama akaachiwa kiunzi na injini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuvibeba. Mimi nilikuwepo. Nilidhani ni wazo zuri, na kwa kweli halikuwa baya. Hakuna aliyeiuza.

Tatizo lilikuja siku ya kupanga kutoa matanga. Baba Mdogo alitaka kwanza ahakikishe mali ya kaka yake haijapungua, akaja na fundi Mutombo, yule anayetengeneza pikipiki karibu na soko la Kikula. Mutombo aliinama juu ya injini, akaizunguka, akauliza: "Manyeto iko wapi?" Baba Mdogo hakujua manyeto ni nini. Mutombo akamweleza kwamba ni kile chombo kizito, kinene kama ngumi, kinachotoa cheche ya plagi. Bila hicho injini ni chuma tu. Kilikuwa hakipo. Hakikuwa kwenye magunia wala kwenye makopo, na hakuna nyumba iliyokuwa imepewa.

Baba Mdogo alisema mbele ya wanawake waliokuwa wanatwanga: "Njo kusema mwanamuke aliuzisha. Kaka yangu alikuwa kitandani, yeye anauzisha bintu."

Akaongeza kwamba matanga hayatatolewa mpaka manyeto ionekane.

Unaijua desturi yenu kuliko mimi. Bila ndugu zako kukubali, Mama hawezi kuvua nguo nyeusi, hawezi kurudi sokoni na unga wake, hawezi hata kumpa mtu mkono. Alikaa ndani. Alitoka kuchota maji tu, na wanawake wa bombani walimpa mgongo. Mvua za kwanza zilikuja, zikapita, mahindi ya majirani yakakomaa, naye bado mkekani. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu: "Minye niliolewa na muntu. Sikuolewa na chuma."

Nilipopata ruhusa ya kazi nilikuja. Nilimhoji Mama jinsi ninavyomhoji mtu yeyote: ulikiona lini mara ya mwisho, nani alikuwepo, nini kilifuata. Alikasirika. "Unaniuliza kama polisi?" Nikamwambia namuuliza kama redio. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu nifike, akaanza kunisimulia siku zako za mwisho za kazi, kabla kifua hakijakulaza. Na katikati ya kusimulia akasema kitu ambacho kwake kilikuwa ni kumbukumbu ya tumbo lako tu. Kuna siku ulitoka asubuhi na gameli yako ya chakula, ukarudi jioni na njaa ya ajabu, ukadai ugali. "Alikulaka bukari ya bantu babili. Nikamuuliza, chakula nilikufungia asubuhi kilienda wapi? Akasema, nyamaza, leta ingine."

Baba, ulikiacha chakula chako mahali ukaweka manyeto ndani ya gameli, uipeleke kazini ikafungwe waya upya.

Nililiona jambo zima papo hapo, kwa sababu nimesimama mara nyingi kwenye lango la kiwanda chenu nikisubiri kuandika habari zake. Anayeingia hapekuliwi. Anayetoka hupekuliwa mpaka soksi. Chuma chochote kilichoingia bila karatasi ya langoni, jioni yake ni chuma cha kampuni, na aliyekibeba ni mwizi wa kampuni. Watu wote wa Likasi wanajua hili. Wewe ulilijua kuliko wote, na bado ulikiingiza kwenye gameli kwa sababu ya haraka, ukidhani utapata njia ya kukitoa baadaye.

Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Banza, yule rafiki yako anayefunga upya waya za mota humo kiwandani. Aliponiona mlangoni alikaa chini kabla sijasema kitu. "Iko mu kabati yangu ya kazi," alisema. "Niliimaliza ile juma baba yako alipolala. Nilikuja ku kilio, nikalia na benu, nikashindwa kusema. Minye nakaribia pensheni. Niliona bantu banafukuzwa juu ya waya ya kujaa mukono." Nilimuuliza kama alijua Mama anashutumiwa. Hakujua, anaishi upande wa pili wa mji. Nilipomwambia alifunika uso. Sikumlaumu, na wewe pia usimlaumu. Mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia akitoe alikuwa wewe.

Kesho yake nilikwenda langoni mchana kweupe nikamweleza mkuu wa walinzi kila kitu kilivyo. Ni mtu mnene, mwenye sauti nyembamba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita raia kwa Kifaransa, kama serikali inavyotaka.

"Citoyenne, bintu bitokaka hapa na karatasi. Karatasi ya kuingia iko wapi?"

Nikamwambia haipo.

"Basi ni ya kampuni."

Nikamuuliza: kampuni ina pikipiki ya Kibelgiji ya silinda moja? Akafikiri. Akasema haina. Nikamuuliza tena: na mtu akikuonyesha pikipiki ambayo chombo hicho kinaingia mahali pake, na hakiingii kwenye mashine yoyote ya humo ndani? Akasema: "Leta. Lakini usiniletee kipande ya chuma mu gunia. Ilete nzima, isimame hapa juu ya magurudumu yake, nione."

Ndiyo sababu nilianza kuzunguka kwa ndugu zako, nikiomba kila kipande kirudi.

Shangazi Mujinga alikuwa anaweka mafuta ya taa ndani ya tangi lako. Hakukubali nizungumze kabla sijala. Kisha aliuliza kama ni kweli Kalenga anamwita Mama mwizi, na nilipokubali alipiga makofi ya hasira. "Ule mwanamuke aliiba kintu moja tu mu maisha yake: kaka yetu. Na yeye tulimusamehe." Akamimina mafuta kwenye chupa, akanifungia tangi kwa kitenge chake.

Kamatanda gurudumu la nyuma lilikuwa limetundikwa ukutani, na la mbele lilikuwa linabeba magunia ya makaa kwenye toroli. Binamu alilitoa huku akiliomboleza toroli lake kama ndugu. Nikamtafutia gurudumu la mbao kwa seremala. Kiti nilikikuta Kakontwe mbele ya nyumba, kimegeuka kiti cha kupunga upepo jioni, kimejaa vumbi jeupe la machimbo ya chokaa. Mnyororo haukupatikana popote. Tangu maduka ya wageni yapewe wakubwa wa hapa, rafu zina vumbi na picha ya Rais, hazina vipuri. Mutombo akakata mnyororo wa kinu cha mahindi kilichokufa, akaupunguza pini kwa pini mpaka ukakaa. Unatoa mlio, lakini unashika.

Taa ya mbele ilikuwa kwa Baba Mdogo, juu ya kabati. Hakuitoa. "Nitaileta minye mwenyewe, siku ile, mbele ya bantu bote." Aliamini kwamba hakuna manyeto.

Tuliisukuma mpaka langoni saa ambayo watu wa mchana wanapokea wale wa asubuhi. Moshi wa tanuru ulikuwa umeinama upande wetu, kila mtu anakohoa. Mutombo alishika usukani, mimi na binamu tulisukuma, Mama alitembea nyuma na nguo zake nyeusi. Hakutakiwa kuja. Alisema amekaa vya kutosha. Baba Mdogo alikuwa ameshafika, amevaa abakosi, suti yake ya sikukuu isiyo na tai, taa kwapani.

Wafanyakazi walisimama. Wengine walikutambua kwa pikipiki. "Hii si ya Mzee? Haiyakufaka tu?"

Mzee Banza alitoka ndani na manyeto juu ya viganja vyote viwili, waziwazi, anatembea polepole kama mtu aliyebeba sahani iliyojaa mchuzi. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mkuu wa walinzi aliipokea, akaipima kwa mkono, akafungua kifuniko akaona waya.

"Na hii waya? Ni mupya. Hii si ya kampuni?"

Banza akajibu: "Hapana. Marehemu alileta waya yake. Alitoa mu redio."

Hapo Mama alisogea mbele. Mjane mwenye nguo nyeusi hasogei mbele ya wanaume hivyo, lakini alisogea. "Redio gani? Ile yangu? Aliniambia redio ilikufa yenyewe!" Akageuka kwa watu. "Kumbe aliua yeye!"

Lango zima lilicheka, Baba. Hata mkuu wa walinzi. Banza naye alicheka, machozi yakamtoka, na sikuweza kujua yalikuwa ya nini.

Mutombo alipiga goti, akaiweka manyeto mahali pake. Iliingia bila kulazimishwa. Boliti zilishika zote. Mkuu wa walinzi aliinama akaangalia, akajaribu kuitikisa kwa kidole, haikutikisika. Alinyooka akasema: "Bon. Kampuni haina hii kintu. Itoke." Akamwambia Banza arudi kazini.

Ndipo watu wote wakamtazama Baba Mdogo. Sitaki kukudanganya kwamba nilimwonea huruma. Aliiweka taa chini, akavua kofia, akamwendea Mama.

"Bibi ya kaka yangu. Nilikosa."

Mama akasema: "Ulikosa. Sasa sukuma."

Mutombo alikuwa ameshaipiga teke kuiwasha, ikakataa. Kalenga alifunga taa kwa mikono yake mwenyewe, akainama nyuma ya kiti, abakosi na yote, akasukuma mteremko kuelekea mjini, watu wa mchana wakimpigia miluzi: "Sukuma, baba! Ongeza!" Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikashika. Moshi wa buluu, na ule mlio wako. Mama alifumba macho aliposikia. Nilikuwa pembeni yake nikaona.

Baba Mdogo alileta kuku mweupe jioni ile ile, kama inavyotakiwa mtu akimsingizia mjane. Siku ya matanga ni yeye aliyemshika Mama mkono akamtoa mkekani. Shangazi alimfunga kitenge kipya cha rangi nyekundu na njano, chenye kelele kuliko vyote sokoni. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Mzee mmoja aliuliza sasa pikipiki itagawanywa vipi. Mama alimjibu hata kabla Kalenga hajafungua mdomo: "Itabaki nzima, na itabaki kwangu." Hakuna aliyebisha. Amesharudi sokoni. Juzi nilimkuta anabishana na mteja juu ya unga, kwa sauti ya juu, na nilisimama mbali nikamsikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuna jambo moja la kumalizia. Tangu ulale sikukulilia. Mwanzoni nilidhani ni kazi yangu imenifanya hivyo, nimeona vilio vingi nikaviandika. Sivyo. Nilikuwa nakutafutia ushahidi, na mtu hawezi kufanya vyote viwili. Jioni ya matanga, wageni walipoondoka, nilikwenda kukaa kibandani kwako, kwenye magunia ambayo sasa hayana kitu. Nikalia, na haikuwa vibaya. Ilikuwa kama mtu aliyesimama siku nzima anapopewa kiti.

Lala, Baba. Hakuna anayekusubiri ueleze lolote. Naahidi moja, na ninaandika ili nisiweze kuikana: nitajifunza kuiendesha. Mutombo ameshakubali kunifundisha, anasema nitaanguka na anasubiri kuona. Nikishaweza, Mama atakaa nyuma, na nitampeleka Kakanda kwa Shangazi, taratibu, kwa sababu ya mnyororo wa kinu.

Mwanao