Geuza Tuta

Kambi ya wakata miwa, Kilombero
9 Juni 2024

Kaka Isdori,

Shikamoo. Habari za Sumbawanga na baridi ya mwezi huu? Shemeji Leonia magoti yake yanaendeleaje? Mimi nipo, mgongo tu ndio haunyooki asubuhi.

Nakuandikia barua maana kwenye simu utanikatiza. Juzi tunakula, redio ikasema mwalimu wa tenisi wa Sumbawanga anastaafu baada ya miaka arobaini. Nikawaambia wenzangu, "Huyo kaka yangu, tumbo moja." Wakacheka. "Zenon, na wewe ulichezea nini, panga?" Kisha nikakusikia wewe mwenyewe. Mtangazaji aliuliza watoto wako wanawezaje kupiga vizuri hivyo upande wa kushoto. Ukasema, "Nawaambia geuza tuta. Ni mbinu yangu."

Yako? Tulikuwa waokota mipira wa Padri pale misheni. Wewe upande wa kushoto ulikuwa unapiga hewa. Mimi ndiye niliyekuambia piga kama unageuza tuta shambani kwa mama: mguu mbele, kiuno kizunguke, jembe lipande na majani yake. Nilikuwa nakufunga kila siku. Padri akakuchukua wewe ufundishe kwa sababu ulimaliza darasa la saba, mimi niliishia la tano. Hilo nililikubali. Leo wewe unaitwa Mwalimu, mimi naitwa kwa namba. Nina wivu, kaka, sifichi. Siku ya kukuaga, sema mbinu ile ni ya nani. Hilo tu.

Mdogo wako,
Zenon

Sumbawanga
20 Juni 2024

Mdogo wangu Zenon,

Marahaba. Sisi wazima, ila Leonia siku hizi anapumzika mara tatu kabla ya kufika kanisani. Pole ya mgongo.

Padri hakuangalia darasa. Aliniona nikipiga kushoto, akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema nimegundua mwenyewe. Akasema mwenye akili hiyo ndiye atakayefundisha wenzake. Wewe ulikuwa umeinama kwenye nyasi unatafuta mpira, hukusikia. Ulikuwa unacheza vizuri kuliko mimi, nami nilikuonea wivu.

Tarehe 29, siku ya kuniaga, nitasema mbele ya watu wote.

Kaka yako,
Isdori

Sumbawanga
3 Julai 2024

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Hukunijibu, lakini naandika.

Nilisema. Nilisimama katikati ya uwanja nikasema mbinu ni ya mdogo wangu Zenon, mimi niliiba. Kisha mwalimu mkuu mmoja mgeni akainuka: "Mnauona unyenyekevu wa Mwalimu wetu?" Makofi yakazidi ya mwanzo, akina mama wakapiga vigelegele. Nikapaza sauti, "Jamani, kweli niliiba!" Wakacheka. Leonia akanivuta shati nikae.

Sijui nifanye nini tena.

Kaka yako,
Isdori

Kambi ya wakata miwa, Kilombero
18 Julai 2024

Kaka Isdori,

Shikamoo. Mpe pole shemeji.

Barua yako ya kwanza niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Miaka arobaini nimemlaumu Padri, hadi amekufa. Kumbe ni wewe. Na sasa hata wizi wako wanaushangilia! Mimi nikiiba muwa mmoja hapa nafukuzwa kazi.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi tarehe 3 Agosti nitakuwa uwanjani kwako. Niazimie raketi. Waite watoto wako wote wakae pembeni, na huyo mwalimu mkuu umkalishe mbele. Nina miaka hamsini na sita na huu mgongo. Wewe una hamsini na nane na miwani. Tutaonana.

Habari ya kusameheana usiniletee kabla hatujacheza. Na ukinionea huruma ukaniachia hata pointi moja, nitaijua, na nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Zenon